Klachi ya Mama Irungu

Irungu aliposikia kwamba giaboksi ya gari la mama yake imekufa, alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kwa miaka mitatu alikuwa akimwomba mama aache kuendesha, na kwa miaka mitatu mama alikuwa akimjibu kwa kuwasha gari na kuondoka.

"Mami, sasa imeisha," akasema. Walikuwa wamesimama uani kwa mama yake, Rahab, huko Riruta Satellite, mbele ya ile stesheni wagoni nyeupe iliyosukumwa hadi hapo na wapangaji wanne. "Auto ya zamani hivi, giaboksi ikienda imeenda. Nitakutafutia mtu wa skrepu ainunue kama vyuma. Ukitaka kutoka, nipigie nikuitishie teksi."

"Na nikitaka kutoka na sitaki ujue?"

"Kwani wewe huenda wapi, Mami?"

"Ninakotaka."

Irungu akacheka. Rahab hakucheka.

Alikuwa na miaka sitini na saba, na kusema kweli hakuwa na mahali pa lazima pa kwenda. Siku nyingine alikwenda Kikuyu kwa dada yake. Siku nyingine alipanda tu hadi Limuru, akaegesha kando ya mashamba ya chai, akanywa soda yake polepole, akarudi. Hakuna aliyemtuma wala aliyemngoja. Hizo ndizo safari alizozipenda kuliko zote.

Jambo ambalo mwanawe hakulijua ni kwamba mama hakuwahi kulipenda lile gari. Rahab alijifunzia kuendesha kwenye pikapu ya gia za mkono, miaka ya themanini, mumewe Wainaina alipovunjika mguu na kabichi zikaanza kuozea shambani. Alizishusha mwenyewe kutoka Limuru hadi soko la Wakulima. Wapagazi walimzomea, naye akarudi kinyumenyume katikati ya mikokoteni bila kugusa hata mmoja. Aliisikia pikapu ile kwa nyayo. Injini ilipobadilisha sauti alijua inaomba gia gani. Baadaye maisha yakawanyookea, wakajenga vyumba vya kupangisha Kawangware, na Wainaina akamnunulia otomatiki, gari linalojibadilishia gia lenyewe. "Upumzike," alimwambia. Rahab akashukuru kama inavyopasa kushukuru zawadi, na kwa miaka kumi na sita mguu wake wa kushoto ukakaa sakafuni bila kazi.

"Skrepu sitaki," akasema sasa. "Nataka itolewe hiyo auto, iwekwe manual, ya gia za mkono."

Irungu alimtazama kama aliyesikia vibaya. "Hii gari Baba aliinunua hivi."

"Baba yako alinunua alichopenda yeye. Hakuniuliza. Leo hayupo na gari ni yangu."

"Na goti?"

Goti la kushoto lilikuwa limepasuliwa na daktari mwaka juzi.

"Goti pia ni langu," akasema Rahab, akaingia nyumbani.

Fundi wa kwanza aliyeendewa pale Kawangware alikataa katakata. Wa pili alisema kazi kama hiyo haifanyiki, anunue auto nyingine. Wa tatu alimsikiliza vizuri, akaitikia kwa heshima, kisha alipoondoka akampigia Irungu simu kumuuliza kama mama yuko sawa kichwani. Rahab alipoletewa habari hiyo na Irungu mwenyewe, tena kwa sauti ya kumhurumia, alikaa kitini mchana kutwa. Kufikia jioni ile haikuwa tena habari ya gari peke yake.

Ni mpangaji wake Akeyo, mshonaji, aliyemfungulia njia. Alikuwa na dada, Kisumu Ndogo kule Kibera, aliyefanya kazi ya magari.

"Anaitwa Seline. Lakini nikuambie ukweli, mama, kazi kubwa hawampi. Wanamwachia kubadilisha oili na kufunga breki."

"Kwa nini hawampi?"

Akeyo akainua mabega. "Si unajua."

Rahab alijua. Kesho yake gari likakokotwa kwa kamba hadi uwanja wa mafundi nyuma ya Nyayo Highrise.

Seline alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye ovaroli iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Hakusema mengi. Alitandika karatasi ya boksi, akalala chini ya gari, akakaa huko robo saa. Alipotoka alifungua mlango wa dereva, akainama chini ya usukani na tochi.

"Nishawahi kushusha auto, nikairudisha," akasema. "Nishawahi kushusha manual, nikairudisha. Kutoa moja niweke nyingine, hiyo bado. Lakini hii body ilitengenezewa zote mbili. Angalia hapa. Shimo la pedali ya klachi liko, limezibwa tu na raba. Sioni kitu inakataa."

Nyuma yao mtu akacheka. Alikuwa Ogola, mwenye uwanja, fundi wa siku nyingi aliyewakodisha wenzake nafasi za kufanyia kazi.

"Seline, hiyo si gari ya kujifunzia. Mwenyewe akikuja hapa kulia, atanililia mimi."

"Mwenyewe ni mimi," akasema Rahab, "na sijakuongelesha."

Mafundi wengine waliinua vichwa. Ogola akamgeukia Seline na kumwambia kwa Kijaluo maneno ambayo Rahab hakuyaelewa. Aliuona tu uso wa Seline ukikakamaa.

"Amesema nini?"

"Amesema hii kazi ikinishinda, nikusanye spana zangu nitafute uwanja mwingine."

Rahab akalitazama gari, kisha Seline. "Basi nitafute fundi mwingine? Sitaki ufukuzwe kwa sababu yangu."

"Mama, nimefunga breki za watu miaka sita hapa," akasema Seline. "Niachie hiyo gari."

Walikwenda pamoja Kirinyaga Road, kwa wauza vipuri, kutafuta giaboksi. Muuzaji wa kwanza aliwatazama, kisha akatazama nyuma yao, kana kwamba mwanaume wao amebaki kuegesha. Alipoona hakuna anayekuja, akawatolea giaboksi iliyofutwa ikang'aa. Seline alizungusha shafti kwa mkono huku Rahab akiingiza gia moja moja kwa kipande cha lever ya gia. Kwanza. Pili. Ya tatu ikauma.

"Hii ya tatu inakwaruza," akasema Rahab.

"Ni baridi tu hiyo, shosh. Ikipata oili itakuwa sawa."

"Kijana, nilikuwa nikiingiza gia kabla mama yako hajajua atakuzaa. Toa nyingine."

Akatoa nyingine. Na hiyo wakaikataa. Giaboksi ya tatu ikaingia gia zote tano laini, na walipoondoka nayo, pamoja na pedali, waya za gia na klachi mpya, yule muuzaji mwenyewe aliwafungulia mlango wa pikapu waliyoikodi.

Kazi ilichukua siku sita. Kila asubuhi Rahab alifika na chupa ya chai na kigoda cha kukunja, akakaa pembeni ya gari. Aliona auto ikishushwa, nzito kama ng'ombe aliyekufa, ikitiririka oili nyeusi iliyonuka kuungua. Aliona sahani nyembamba ikifunguliwa mgongoni mwa injini, na flaiwili, gurudumu zito la manual, ikifungwa mahali pake, kisha bamba la klachi. Mara mbili giaboksi mpya ilikataa kukaa. Seline aliishusha, akalisogeza bamba kwa upana wa unywele, akaipandisha tena, mishipa ya shingo ikimsimama. Hakuna aliyekuja kumshikia. Siku ya nne Rahab alivua sweta, akapiga goti la kulia, lile zima, akashika jeki.

"Mama, utachafuka."

"Niambie tu lini nipandishe."

Siku ya sita, saa nane mchana, Irungu alitokea, wapangaji wakiwa wamemwelekeza. Alikuwa na mwanaume mmoja mwenye daftari, na nyuma yao gari la kukokotea. Alimkuta mama yake akijifuta grisi kwenye leso.

"Mami, umeleta gari ya Baba huku Kibera? Ikafunguliwe hivi?" Hakupaza sauti, na hilo lilimuudhi Rahab zaidi. "Huyu ni mtu wa skrepu. Amekubali kuichukua vile ilivyo. Tafadhali."

"Ngoja hapo," akasema Rahab. "Seline, washa."

Seline aliingia, akakanyaga klachi, akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka. Stata haikugeuka, haikulia hata tik. Akazungusha tena. Kimya kilekile.

Ogola alikuwa amekuja kusimama, mikono kifuani. Mafundi wote walikuwa wamekuja. "Si nilisema," akasema, si kwa furaha, kama daktari anayetangaza kifo. Mtu wa skrepu akafungua daftari lake.

Rahab aliuhisi uso wake ukichemka. Akamtazama Seline, ambaye alikuwa bado ndani ya gari, kichwa kimeegemea usukani, na kwa dakika nzima alifikiri fundi wake analia. Kumbe alikuwa anawaza.

"Stata ni nzima," Seline akasema taratibu, kama anayeongea na gari. "Betri nzima. Wewe unangoja nini?" Kisha akainua kichwa. "Bado inangoja kuambiwa iko kwa Park!"

"Nini?" akauliza Rahab.

"Auto haiwaki mpaka lever iwe Park, gia ya kuegesha. Kuna swichi inapeleka habari. Nimetoa lever, nimetoa na swichi. Gari haijui kama imebadilishwa, mama. Imekaa hapo inangoja ruhusa."

"Basi ipe."

Seline alizama chini ya dashibodi, akachomoa fungu la waya, akatafuta mbili, akaziunganisha. Safari hii ufunguo ulipozungushwa injini ilishika mara moja. Kelele zikapanda uwanjani. Fundi mmoja akapiga spana kwenye pipa la mafuta.

Lakini Seline akazima. "Haijaisha," akasema. "Nikiiacha hivi, mtu anaweza kuwasha ikiwa kwa gia, iruke igonge mtu." Akachukua nusu saa nyingine kufunga swichi ndogo juu ya pedali, gari liwake tu klachi ikikanyagwa. Ogola aliinama kuitazama ile swichi, akaitazama kwa muda mrefu, akaondoka.

Rahab akaingia kwenye kiti cha dereva. Seline akakaa kando yake. Irungu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akaingia nyuma.

Uwanjani alikwenda vizuri. Kwenye barabara ya ndani akaingiza ya pili, na ya tatu, na kifua kikamjaa kitu alichokuwa amekisahau. Kisha wakafika kwenye mwinuko wa kutokea barabara kuu, foleni ikasimama, na nyuma yao ikaja lori la mchanga likakaribia mpaka Rahab akaona taa zake tu kwenye kioo.

Foleni ikasogea. Akaachia klachi haraka mno. Gari likaruka, likazima, likaanza kurudi. Akabana breki. Lori likapiga honi. Akawasha tena, likazima tena. Goti lilikuwa linauma na jasho linamwingia machoni.

"Mami, shuka niendeshe," akasema Irungu. Honi ikalia ndefu. "Mami! Utatuua!" Na mkono wake ukapita katikati ya viti, ukashika breki ya mkono.

Rahab aliutazama ule mkono.

"Shuka."

"Ndiyo, shuka, mimi niingie..."

"Wewe. Shuka kwa gari yangu."

"Mami, tuko katikati ya barabara."

"Irungu, nimekubeba tumboni na nimekubeba kwa pikapu, na hujawahi kunishikia breki nikiendesha. Shuka."

Akashuka. Mwanaume wa miaka arobaini na mbili, koti na viatu vya ofisi, akasimama pembeni ya barabara huku dereva wa lori akimwonyesha mikono.

Rahab alivuta breki ya mkono mwenyewe. Akafuta macho. Akawasha, akaingiza ya kwanza, akaongeza mafuta kidogo, na akaanza kuinua mguu wa kushoto, polepole, akiacha honi zilie zinavyotaka. Akasikiliza. Sauti ya injini ikashuka ikawa nzito, pua ya gari ikainuka kidogo tu, kama mnyama anayejikaza. Hapo. Akaachia breki ya mkono, na gari likapanda bila kurudi hata inchi moja, likatoka juu kwenye barabara kuu.

Seline alikuwa amefumba macho. Akayafumbua. "Tumngoje?"

"Ana simu," akasema Rahab, akiingiza ya pili. "Aitishe teksi."

Irungu hakumwongelesha mama yake kwa wiki mbili. Goti lilivimba usiku ule na siku iliyofuata, na Rahab akalikanda bila kumwambia mtu. Ogola hakuomba msamaha wala kutoa hotuba, ila mwanaume mmoja alipoleta auto yake iliyokufa, akiulizia yule fundi wa kugeuza, Ogola alimwelekeza kwa kidevu: yule pale. Na Seline akafungiwa paa la mabati juu ya nafasi yake, mahali ambapo kwa miaka sita alifanyia kazi juani na mvuani.

Jumamosi moja geti la Rahab likagongwa. Alikuwa Tracy, mke wa Irungu, peke yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Mum, leseni yangu ni ya auto tu," akasema kabla hata ya salamu. "Nataka unifundishe hii."

Rahab alimtazama. "Irungu anajua uko hapa?"

"Ataambiwa nikishajua."

Rahab akaenda kuchukua ufunguo. Alimkalisha Tracy nyuma ya usukani, akazunguka, akakaa kando yake.

"Vua hivyo viatu. Mguu lazima usikie."

Gari likaruka mara moja, likazima mbele ya geti, wapangaji wakitazama kutoka kwenye korido.

"Tena," akasema Rahab.