Meno ya Dani Dorca

Katika shule yake ya bweni Frankline alitambuliwa kuwa mtaalamu wa sanaa, hasa baada ya kumchora mwalimu wa zamu kama kiboko aliyevaa tai, kisha akafagia bwalo muhula mzima kwa heshima ya kazi hiyo. Kwa hiyo nyanya yake, Dani Dorca, alipofariki, shangazi Benta hakutafuta mtu mwingine. Alimpa picha ya marehemu akamtuma mjini, mtaani Kaloleni, kwa Karanja mchapishaji wa mabango ya mazishi.

Katika picha ile Dani alikuwa anacheka. Meno yake ya mbele ya chini hayakuwepo. Yaling'olewa usichanani, kama Wajaluo wa rika lake walivyofanyiwa. Karanja, mtu wa kutoka Nyeri, alidhani ni uzee. Akauliza kama aizibe nafasi ile. Frankline alitafakari kwa uzito wa jaji. Darasani walifundishwa kwamba kizuri ni kile kilichokamilika. Akasema ziba. Karanja akaziba, na kwa ukarimu wake akamfuta makunyanzi pia.

Bango lilipotundikwa hemani, nyumbani kando ya ziwa, waombolezaji walisema Dani amependeza kama mke wa gavana. Frankline alizipokea sifa hizo kwa unyenyekevu kidogo sana.

Ndipo Babu Opondo alipoletwa kuketi karibu na jeneza. Tangu mkewe afariki hakuwa amelia, na wanawe walikuwa wameanza kumwogopea. Alilitazama bango kwa muda mrefu.

"Benta," alisema, "huyu mama ni wa boma gani?"

"Baba, si ni Mama."

"Mama yenu alikuwa na pengo. Akicheka unaona ulimi. Nilimpendea hilo. Huyu simjui, na siwezi kuzika mke wa mtu."

Watu wakacheka, wakidhani mzee anatania kama ilivyo kawaida ya matanga. Babu hakucheka. Aliomba fimbo yake arudi ndani, kwa kuwa msiba huo haukuwa wake.

Frankline alikwenda jikoni, akakwangua masizi kwenye sufuria ya wageni, akapanda juu ya kiti chini ya bango, mbele ya umati. Alianza kuyapaka meno yale aliyoyaongeza Karanja kwa kidole, moja baada ya jingine. Benta alimwuliza kwa sauti ya chini kama amerukwa na akili. Aliendelea kupaka. Masizi yalisambaa hadi kidevuni, na kwa kanuni zote za darasani ilikuwa kazi mbovu.

Babu alisimama nusu njia, fimbo mkononi.

"Dorca," alisema. "Kumbe ni wewe."

Akaketi palepale chini, kilio kikamtoka, wanawake wakakipokea hadi ufuoni.

Frankline alibaki juu ya kiti. Uso wa Dani ulikuwa umbali wa shubiri moja tu na wake, ukicheka vilevile alivyokuwa akicheka kila alipomletea michoro yake.