Noti ya Mwisho ya Mzee Kuwabara

Okestra yetu ya Shiranami imerekodi albamu nyingi kuliko inazouza. Zimepangwa ukutani kwenye korido ya ukumbi, kuanzia santuri za enzi za baba zetu, na chini ya kila moja kuna kikaratasi: ilipendekezwa kuwania tuzo. Ilipendekezwa. Ilipendekezwa tena. Tuzo yenyewe huchukuliwa na watu wa Tokyo, na sisi huwapigia makofi kwa adabu huku roho zinatuuma.

Safari ile tumaini letu lilikuwa Mzee Kuwabara, mpiga obo wetu wa kwanza. Obo ni ndugu yake zumari: unabana tete lake la kupulizia midomoni, na nyuma ya midomo lazima kuwe na meno. Jino la mbele la Mzee lilikuwa limeoza hadi mzizini. Daktari alitaka kuling'oa tangu theluji haijayeyuka, yeye akamwambia asubiri, kuna simfoni ya kurekodi. Simfoni hiyo inaishia kwenye noti moja ndefu ya obo, fidla zikififia chini yake. Baada ya hapo Mzee angestaafu. Alitaka noti ile ibaki duniani ikiwa yake, na hakuficha.

Mimi napiga fagoti, lile zumari refu la sauti nene, nakaa nyuma yake. Siku ya kurekodi tulivua viatu kama kawaida, maana mbao za jukwaa letu zina maneno kuliko mawifi, tukakaa na soksi. Taa nyekundu ya kurekodi ikawaka. Mzee alipiga mpaka nikasahau kuhesabu mapigo yangu. Noti ya mwisho ikapanda, ikatulia, ikaanza kufifia, na mwongozaji akashusha mikono.

Mzee akaiweka obo mapajani, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Poleni na kazi."

Na sisi, watu wazima tuliosomea muziki, tukainama sote tukaitikia: "Poleni na kazi!"

Taa ilikuwa bado inawaka. Kwetu mtu akikupa pole kazi inapoisha, mdomo hujibu wenyewe. Nadhani hata maiti angeitikia.

Kipaza sauti kikakoroma. Alikuwa Bi Nagakubo, fundi wa kurekodi. "Jamani, asanteni kwa heshima zenu. Zimeingia zote."

Tulicheka mpaka tulipoona Mzee hacheki.

"Huwezi kuifuta?" akauliza.

"Imekaa juu ya mwangwi wa noti yako, Mzee. Nikifuta hiyo, nafuta na noti. Nahitaji ule mwisho tu, upige tena."

Akajaribu. Noti ikapasuka. Akajaribu tena, ikashika kidogo, na alipoitoa obo mdomoni tete lilikuwa na damu. Akalipangusa kwa leso akalirudisha mdomoni. Nilishindwa kuvumilia.

"Mzee, basi."

"Basi nini, Tsukuda? Una haraka ya kwenda kupika?"

"Unajiumiza."

Akamgeukia Ezaki, binti anayepiga obo ya pili. "Haya, piga wewe."

"Mimi? Mzee, nitaiharibu."

"Nimeshaiharibu mimi, hujaachiwa kitu cha kuharibu. Piga."

Kwetu wa pili hagusi solo ya wa kwanza akiwa bado yupo kitini. Kwa hiyo Mzee aliinuka, akaenda kusimama kando ya pazia na soksi zake. Ezaki akapiga huku machozi yanamtiririka, na noti haikutikisika. Bi Nagakubo akasema tu kwamba ataona aunganishe ipi.

Mwaka ule tukapewa tuzo. Magazeti yaliisifu noti ya mwisho: pumzi ya mzee anayeaga, walisema. Mzee akaamini fundi ameliokoa lile jaribio lake la pili, akamsomea hata daktari wa meno magazeti hayo. Hakuwahi kusikiliza rekodi zake maishani, na sisi tuliojua tulinyamaza. Ezaki mwenyewe alituomba tunyamaze. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia?

Huko Tokyo, kwenye sherehe, wakaicheza ile dakika ya mwisho. Mzee akanishika mkono.

"Tsukuda, hiyo si yangu."

"Ni yako, Mzee."

"Usinidanganye. Mimi pumzi ikikaribia kuisha huwa nabana, kwa kuogopa. Huyo haogopi."

Hapo wakaita jina lake, apande kupokea tuzo. Alitembea mpaka kwenye kiti cha Ezaki akasimama, akamwinamia, kule kuinama ambako mdogo humwinamia mkubwa.

Ezaki akaruka kitini. "Mzee, usifanye hivyo! Watu wanatazama."

"Waache watazame. Twende."

Akamvuta kwa mkono wa gauni, wakapanda wote wawili. Kwenye maikrofoni nikaogopa angelia. Mimi nilikuwa nimeshaanza.

"Noti mnayoisifu ni ya huyu," akasema. "Anaitwa Ezaki. Miezi yote hii nimelala nikijua ni yangu. Nilitamani sana iwe yangu." Akamtazama binti. "Mimi sijawahi kupiga hivyo hata siku moja."