Gita la Upande wa Kulia

Kengele ya kutoka kazini ilipolia katika kiwanda cha unga, Sindano alikuwa bado ameinamia mashine yake, anashona midomo ya magunia. Mwenzake akamgusa bega. "We, hujasikia kengele?" Akazima mashine, akakung'uta unga kichwani, akatoka mbio kuwahi duka la simu.

Asubuhi ile jirani wa chumba cha pili alikuwa amemvaa mlangoni. "Mama, simu yako itatupasua vichwa. Nina mtoto mchanga humu." Sindano alishangaa, maana yeye alijua anaifungulia kwa sauti ya kiasi. Lakini hakubishana. Marehemu mumewe alikuwa mpiga gita wa bendi, na katika kazi zake zote ulibaki wimbo mmoja tu, ndani ya simu hiyo. Bila huo, jioni chumbani mwake ilikuwa yeye na ukuta.

Mwenye duka la simu, mwanamke mnene mcheshi, alimpangia hedifoni tatu za kuchomeka masikioni.

"Hizi za plastiki ngumu ni nafuu, ila zinadondoka ovyo. Hizi zenye mipira zinakaa, tena zinaziba kelele. Hizi hazina waya. Ukipoteza moja, imekula kwako."

"Mbona bei imepanda hivi?"

"Kila mzigo unakuja na bei yake, dada yangu. Hata mimi nimechoka kugombana na wateja."

Sindano akaomba kujaribu kwa wimbo wake. Upande wa kushoto lilikuja gita la solo, na ngoma kwa mbali. Upande wa kulia, kimya. Gita la pili, la mumewe, halikuwepo.

"Hii upande mmoja imekufa."

Akajaribu zenye mipira. Vilevile. Akajaribu zisizo na waya. Vilevile.

"Dada, unauza mabovu!"

Mwenye duka akazipangusa, akazivaa mwenyewe, akatikisa kichwa kwa mdundo. "Zinaimba pande zote. Kushoto gita moja, kulia jingine. Tena hili la kulia ndilo tamu." Kisha akamtazama, tabasamu likamyeyuka. "Hebu zigeuze. Ya kulia weka sikio la kushoto."

Sindano akageuza. Gita la mumewe likaingia, safi, pamoja na lile kosa dogo kabla ya kiitikio ambalo marehemu alijilaumu nalo mpaka anaugua. La solo likapotea. Akageuza tena: solo ikarudi, mumewe akaondoka. Miaka kumi na saba mashine ile ya kushonea magunia ilikuwa imemngurumia upande wa kulia.

Alichukua zenye mipira. Hakwenda nyumbani, alirudi kiwandani, moja kwa moja kwa ofisa wa usalama kazini.

"Sikio langu la kulia halisikii."

"Ni umri, mama. Hata baba yangu yuko hivyo."

"Nina miaka arobaini na nane."

"Kwani huvai vizibo vya masikio?"

"Vizibo gani?"

Ofisa akafungua jalada, akamgeuzia. Kila mwaka, karatasi moja: *Nimepokea vizibo vya masikio.* Chini yake, saini ya Sindano. Aliitambua. Akaukumbuka na mkono wa msimamizi, kiganja kimefunika maandishi, magunia yamerundikana nyuma: saini hapa, na hapa, na hapa, fanya upesi.

"Sijawahi kuviona, bwana."

"Saini ni yako au si yako?"

"Ni yangu."

"Basi." Ofisa akatoa karatasi mpya, akalainisha sauti. "Sikiliza, sitaki kukuonea. Ya mwaka huu hujasaini. Saini tu, nami nikuandikie barua ya kwenda kwa daktari wa kampuni. Bila saini, hakuna barua."

Sindano alitamani mtu wa kumuuliza afanyeje. Hakuwa naye. Akashika kalamu, akaandika mahali pa saini: *Sikupokea.*

Ofisa akaguna. "Umeiharibu." Akaikunja, akaitupa kapuni, akamwekea nyingine na kidole juu ya mstari. "Jina lako tu, mama. Hapa."

Sindano akakisogeza kidole kile pembeni, taratibu, akaandika neno lilelile, safari hii kwa herufi kubwa.