Mahudhurio ya Saa Mbili

Kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi, ukuta wa sebule ya marehemu mwalimu uliita majina. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, na kale kakikohozi kake kalikuwepo. Bibi, mdogo wake wa kike aliyebaki kwenye nyumba ile, alishazoea. Alizima redio tu, sauti zisije zikagongana.

Kabla mji haujapata shule, sebule hiyo ndiyo ilikuwa shule. Mwalimu alifundisha humo watoto arobaini na mmoja, wamebanana mikekani, na huyo mdogo wake yuko jikoni akiwachemshia chai. Sasa waliotajwa waliitika popote walipo. Fundi cherehani aliitika "Nipo!" na pini mdomoni. Mchinjaji aliitika akipima nyama, mteja akasubiri. Waliokufa walisimama dirishani na kuitika kwa adabu.

Siku moja akaja karani wa halmashauri kuandika historia ya nyumba. Majina ya wanafunzi wa kwanza yangewekwa kwenye kibao mlangoni. Bibi akavaa gauni lake la maua, akaketi kwenye mlango wa jikoni. Masomo yote aliyapatia hapo hapo, akimenya viazi. Alitaka jina lake lisomwe, hata mara moja tu.

Ukuta ukafika jina la arobaini na moja, ukakohoa, ukanyamaza.

"Bibi, jina lako halimo," karani alisema taratibu.

"Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Bado hesabu ya kichwa."

Kweli, ukuta ukauliza: "Saba mara kumi na tatu?"

Fundi cherehani akahesabu kwa vidole. Waliokufa wakaangalia viatu vyao.

"Tisini na moja," bibi akajibu.

"Sahihi!" ukuta ukasema, kwa furaha ile ile iliyomfanya ampende kaka yake hata alipomuudhi. "Nani huyo?"

"Mimi, kaka."

Ukuta ukafikiri kidogo. "Aa, mdogo wangu! Haya, tuletee chai."

Bibi akacheka, machozi yakamtoka, akaenda kuchemsha. Kikombe kimoja alikiweka chini ya ukuta, chai ikaanza kupungua polepole. Kingine akampa karani, ambaye alikuwa ameshafunga daftari.

"Tamu," karani akasema.

"Imekolea," ukuta ukaitikia.

Kibao kilipigiliwa Ijumaa, majina arobaini na moja. Bibi hukipangusa vumbi kila asubuhi, kabla ya saa mbili.