Picha Isiyotoka Chumbani

Siku niliyoziba matundu ya flashi kwenye kompyuta zote za kliniki yetu, nilisemwa na kila mtu, kuanzia mapokezi hadi maabara. Na walikuwa na haki. Nilifunga kila tundu bila kubagua, nikasahau kwamba kibodi na kipanya navyo vinachomekwa humo humo. Asubuhi watu wakakuta skrini zinawakodolea macho tu, huandiki, hubonyezi. Daktari wa picha, mama mmoja mnene mwenye kucheka ovyo ambaye kazi yake ni kupima wajawazito, akanibandika jina la Kufuli, na jina likaganda. Nilihangaika nusu siku nzima kurudisha kibodi na vipanya, nikaziacha flashi tu nje.

Lakini agizo lenyewe la uongozi, kwamba flashi zizuiwe, nililiunga mkono kwa moyo wote. Kliniki yetu ilikuwa na mtindo wake: mjamzito anakuja na flashi, daktari anamnakilia video ya mtoto, na jioni ukoo mzima unajazana mbele ya televisheni kumtazama mgeni wao. Mambo mazuri, hadi picha za mwanamke mmoja ziliponakiliwa kimakosa kwenye flashi ya jirani yake. Yule mwanamke hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba ana mimba. Alikuja kulia pale mapokezi, na mimi nilikuwepo. Tangu hapo simu zinaachwa kwa mlinzi mlangoni, mashine ya picha haina mtandao, na flashi ukiichomeka inakataliwa. Mgonjwa anapewa picha moja ya karatasi, basi.

Mdogo wangu alijua yote hayo. Akaja hivyo hivyo, flashi kaifumbata kiganjani na tumbo limetangulia.

"Dada, si wewe ndiye fundi wao? Fungua kidogo tu, daktari aninakilie, ufunge."

"Haiwezekani."

"Haiwezekani au hutaki?"

"Sitaki. Nikikufungulia wewe kwa kuwa ni ndugu yangu, huyo anayekufuata nitamwambia nini?"

"Basi hata huo moyo wako umeuwekea nenosiri," akasema, na akaanza kulia.

Nilijua analilia nini, ndiyo maana nikazidi kuwa mkali. Mama yetu alikuwa kitandani, ugonjwa umemmaliza hadi shuka linamwelemea, na madaktari wake walikuwa wametuambia waziwazi tusitegemee kwamba atakuwepo siku ya mtoto kuzaliwa. Mimba mbili za mdogo wangu zilikuwa zimeharibika kabla ya hii. Mama alikuwa haombi dawa wala chakula, anaomba amwone mjukuu akitikisika, aamini kwamba huyu yupo kweli. Picha ya karatasi tulishampelekea. Aliigeuza juu chini kwa yale macho yake yenye ukungu, akauliza, "Huyu ni mtu, au ni mvua?"

Jioni nilikwenda kwa mama nikiwa nimenuna, maana nilijua nimeshashtakiwa. Nikamkuta mdogo wangu kaketi kwenye ncha ya kitanda, kanipa mgongo. Mama akaniita karibu.

"Nasikia umemnyima mwenzio."

"Mama, si kumnyima. Zile picha ni siri za watu. Nikifungua kwa huyu—"

"Sijakuuliza sababu. Huyo mtoto anaonekana wapi?"

"Kliniki, mama. Chumba cha juu, kwenye skrini."

"Na mimi nikienda huko, kuna mtu atanikatalia?"

Tukatazamana, mimi na mdogo wangu. Siku nzima tulikuwa tunagombana namna ya kuitoa picha chumbani, na hakuna aliyewaza kumwingiza mama. Tulikuwa tumeshazoea kumwona kama mtu wa kuletewa kila kitu. Nikaona aibu, nikacheka, na mdogo wangu akacheka na kamasi zake.

Kesho yake tulikwenda kwa teksi. Kliniki haina lifti, kwa hiyo nikachuchumaa chini ya ngazi, mdogo wangu akamwegemeza mama mgongoni kwangu, nikainuka. Niliinuka haraka kuliko nilivyokusudia. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuwa mwepesi namna ile.

Mlinzi akatusimamisha mlangoni pa chumba cha picha, kama ilivyo kazi yake. "Mama, una simu au flashi?"

"Mwanangu, mimi hata meno sina," mama akajibu kutoka mgongoni kwangu. "Nikague tu."

Daktari wa picha alikwisha sogeza kiti hadi karibu kabisa na skrini. Mdogo wangu akalala, akapakwa yale mafuta ya baridi tumboni, taa ikapunguzwa. Ukungu ukatokea, ukahama, kisha mara akawepo: kichwa, mgongo uliojikunja, mguu ukipiga teke.

"Hicho kinachopepesa ni nini?"

"Moyo wake, mama," daktari akasema, akafungulia sauti.

"Mbona mbio hivyo?"

"Ndivyo wanavyokwenda wakiwa wazima."

Mama akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Akanyoosha kidole, akaufuata ule mgongo taratibu kutoka juu hadi chini.

"Hujambo," akamwambia. "Mimi ni bibi yako. Nimekuona. Wakija kukwambia hatukuonana, usiwasikilize."

Daktari alikuwa amekwisha kupima alichotakiwa kupima, nilimwona akibonyeza kuhifadhi. Lakini hakuondoa mkono tumboni, na nje foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. Mimi mtu wa kanuni sikumkumbusha.

Mwishowe mama mwenyewe akaegemea nyuma. "Inatosha. Nimeshiba. Nirudisheni nyumbani nikalale."

Nikachuchumaa tena, akaniparamia. Nilianza kulia kwenye ngazi ya kwanza na sikuweza kujifuta hadi chini, maana mikono yangu yote miwili ilikuwa imemshika. Mama akawa ananifuta machozi kutoka nyuma, kwa kiganja chake, bila kuniona uso.