Nyumba ya Kwanza Kisiwani

Kifuniko cha birika kilikuwa kikichezacheza gizani, taka-taka-taka, na Mama Kinda akakilaza kijiko juu yake kukinyamazisha. Kulikuwa bado hakujapambazuka. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, naye alikuwa akiusimulia ukuta wa jikoni historia ya mji.

"Karibuni wageni wetu," alinong'ona. "Mji huu ulianzishwa na mabaharia waliokuja kuteka maji..."

"...wakanogewa, wakasahau kuondoka," sauti ndogo ikamalizia kutoka kitandani. Binti yake Kinda alishayakariri yote.

Leo ndiyo leo. Bwana Funguo, mkuu wa makumbusho, alitaka mtu wa kutembeza wageni, na Mama Kinda, aliyesoma masomo ya jioni mtoto akimsinzilia mapajani, alipewa asubuhi hii ajaribiwe. Akifaulu, kazi yake. Historia haikumtisha. Waliomtisha ni majirani.

Mji wenyewe mdogo kama kiganja. Ukipiga chafya gatini, unapewa pole kwenye mnara wa taa. Na kila ukoo unaapa kwamba nyumba yao ndiyo iliyojengwa kwanza. Mtembezaji aliyepita alithubutu kutaja moja tu; akamwagiwa maji ya vyombo kutoka dirishani, akavuka kwenda bara na nguo zake mbichi, hadi leo hajarudi.

"Utawatajia ipi?" mama mkwe aliuliza, akimfunga kilemba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nitaona huko huko, mama."

"Ona vizuri, mwanangu. Usisahau unalala wapi."

Wageni waliposhuka gatini, Mama Kinda aliwaongoza kwenye vichochoro vyembamba, ambamo mnene na kapu lake hupita kwa zamu. Aliwaonyesha madirisha yanayotazamana kwa karibu hata majirani hupeana chumvi bila kushuka ngazi. Maneno yalimtoka yakiteleza. Wageni walicheka, Bwana Funguo akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Kinda, ameshika sketi ya mama, alitembea kama bibi harusi.

Ndipo mgeni mmoja mwenye kofia pana akauliza, "Dada, na nyumba ya kwanza kabisa ni ipi?"

Cherehani ya fundi nguo ilinyamaza. Madirisha yakajaa vichwa. Ndoo moja ikatua ukingoni mwa dirisha, tii, kisha ya pili. Ya tatu aliijua: ni ya kwao.

Bwana Funguo akarudi nyuma hatua moja, koti lake lilikuwa jipya.

Mama Kinda alibana kicheko. Akageukia mlango wa karibu.

"Ya kwanza? Wenyewe watawaambia. Fundi, hodi!"

"Karibuni, karibuni! Tazameni kizingiti kilivyolika! Hizo ni nyayo za mababu!"

"Nyayo gani? Hizo ni za mbuzi zako!" alifoka Mama Mkate kutoka dirisha la jirani. "Njooni kwangu muone tanuri. Watu walikula kwanza, ndipo wakavaa!"

"Kwenye ngazi yetu alianguka nahodha!" mama mkwe alipiga kelele kutoka juu. "Mwenye meli! Nani mwingine kaangukiwa na nahodha?"

Wageni waliingizwa nyumba hii, wakatolewa ile, wakagongwa vichwa na milango mifupi, wakanyweshwa chai kila sebule hadi mwenye kofia akaomba msalani kwenye nyumba ya kwanza ya nne. Ndoo zilirudi jikoni. Zilihitajika kwa vikombe.

Mwishoni Mama Kinda aliuweka mkono ukutani.

"Masikio yenu yamesikia. Mimi nawaonyesha huu tu. Upande huu fundi, upande wa pili Mama Mkate, ukuta mmoja. Na mtaa mzima ndivyo ulivyo, umeshikana mabega. Ukiivuta nyumba moja, zote chini."

Madirisha yalipiga vigelegele. Fundi alimpungia Mama Mkate kitambaa. Mama Mkate naye, kwa mara ya kwanza, akampungia mwiko.

"Nimetafuta mtu wa hivi mpaka nikaota mvi," alisema Bwana Funguo. Akachomoa ufunguo wa makumbusho kwenye pete yake, akamkabidhi mbele ya wote. "Kesho asubuhi, mwalimu."

Mwalimu! Mama Kinda alimnyanyua binti yake juu, akamzungusha mpaka viatu vikamchomoka. Mtaa mzima ukawatazama, kila mmoja akitabasamu.

Kinda aliyatazama madirisha yote, akasema kwa sauti, "Lakini yetu ndiyo ya kwanza."