Sahani ya Pole

Katika Hoteli ya Sahani Pana, pale Nyasubi mjini Kahama, wafanyakazi wote walikuwa vipara. Wapishi vipara, wahudumu vipara, hata bibi wa kuosha vyombo, mwenye wajukuu saba, kipara. Mgeni akiingia mara ya kwanza angedhani hoteli nzima imefiwa. Kilichowanyoa ni unywele mmoja kwenye supu, na unywele wenyewe haukuwahi kuwepo.

Mambo yalianza pale Donatus, mwenye hoteli, aliporudi kutoka semina ya wafanyabiashara huko Mwanza. Huko walimwambia mteja anayelalamika ni hazina, apewe sababu ya kufungua mdomo. Basi akabandika kwenye kila meza karatasi yenye kile kimraba cha kupiga picha kwa simu, na chini yake masharti ya kadi ya Mteja Mfalme. Ukisifu, unapata nyota moja. Nyota kumi, sahani moja ya bure. Ukilalamika, na ukamtaja mhudumu kwa jina, unaletewa sahani ya pole papo hapo, mbuzi choma na ndizi mbili, na mhudumu huyo anaandikiwa doa. Madoa matatu, unavua aproni unaenda zako.

Sasa mwenye akili timamu atafanya lipi: asifu mara kumi ndipo ale mara moja, au alalamike mara moja ale leo? Donatus alisahau anafanya biashara na watu gani. Kahama imejaa wachimbaji na madalali wa mawe, na hao wakishakutana na mkanda wa dhahabu hawauachi mpaka uishe. Wiki ya kwanza unywele ulionekana kwenye supu mara kumi na nne. Donatus akaamuru wapishi wanyoe. Wiki ya pili zikawa nywele ishirini, wakanyoa wahudumu, hata wale wapya walioziba nafasi za waliofikisha madoa matatu. Wiki ya tatu nywele zikaendelea kuota ndani ya supu ya watu vipara, naye Donatus akazisoma kwenye simu yake kwa masikitiko, akisema, "Mteja atadanganya ili apate nini?" Alisema hayo huku hicho anachopata mteja kikipita mbele ya pua yake, kinanukia pilipili na ndimu.

Suzana alikuwa na kipara kama wenzake, na alikuwa na madoa mawili. Alikuwa katika mwezi wa tatu wa majaribio, na siku tunayoisimulia ilikuwa ya mwisho. Donatus alikuwa ameahidi kwamba akifika saa kumi alasiri ya siku hiyo hajapata doa la tatu, atapewa mkataba wa maandishi pamoja na kile chumba cha uani. Mkataba huo Suzana aliutaka kwa roho yake yote, kwa sababu ya mtoto.

Mtoto aliitwa Limi, wa miaka tisa, na aliishi kwa babu yake huko Mhunze. Suzana alikuwa amemkimbia mume aliyempiga kwa waya wa umeme, na baba yake, mzee Mihayo, akalazimika kurudisha ng'ombe wa mahari, kumi na wawili, mmoja mmoja wakitoka zizini huku majirani wanatazama. Mila inajulikana: mahari ikirudi yote, mtoto anabaki kwa babu mzaa mama, na siku akiolewa, ng'ombe wake ni wa babu. Mzee Mihayo alitamka mbele ya balozi wa nyumba kumi: "Siku atakayonionyesha karatasi ya kazi na chumba chenye mlango, amchukue mtoto." Alitamka kwa ukarimu, maana hakuamini kama siku hiyo ipo.

Doa la kwanza Suzana alilipata kwa dalali mmoja aliyemwomba namba ya simu akanyimwa. Akaandika kwamba mhudumu ananuna, akala mbuzi wake, akapangusa mdomo. Doa la pili ndilo lililomuuma. Aliingia bibi mmoja aliyetoka kutibiwa hospitali ya Kolandoto, anatembea kwa kushika meza. Suzana, mtoto wa Kisukuma aliyelelewa akaleleka, alipiga magoti akamwamkia. Kijana wa meza ya pili akaandika: "Suzana anapoteza muda kupiga magoti wakati sisi tuna njaa." Siku hiyo hiyo Donatus aliwakusanya wote na kuwaambia hapa ni hotelini, siyo uani kwa baba zao. Akabandika tangazo kwenye mlango wa jikoni: ni marufuku mhudumu kupiga magoti.

Saa saba mchana ya siku ile ya mwisho, Suzana akiwa ameshika sinia lenye mabakuli manne ya supu ya moto, mlango ulifunguliwa akaingia mzee mwenye koti la kijivu na fimbo ya mpingo. Alikuwa baba yake. Hakuwa ametoa taarifa. Alikuwa amekuja kuiona hiyo kazi yenye karatasi kwa macho yake.

Mzee alisimama katikati ya ukumbi akamtazama binti yake kuanzia utosini.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, baba. Ni utaratibu wa hapa. Shikamoo."

Alisema shikamoo amesimama, ameinama kidogo, kadiri sinia lilivyomruhusu. Mzee hakuitikia. Alikuwa anasubiri magoti. Suzana aliona kabisa kwamba anasubiri, na miguu yake mwenyewe ilikuwa inataka kukunjika. Akautazama mlango wa jikoni na lile tangazo, akamtazama Donatus aliyekuwa kaunta, akaogopa.

"Kaa hapo, baba. Nawapelekea hawa, narudi sasa hivi."

Akapita. Nyuma yake marahaba haikusikika.

Meza ambayo mzee aliketi ilikuwa na mtu tayari. Aliitwa Enock, dalali wa mawe ambaye hakuwa ameuza jiwe tangu Pasaka. Alikuwa amegundua kwamba watu wengi wanaoingia pale wana simu za vitufe, haziwezi kupiga picha kile kimraba, basi yeye akawa anawaandikia malalamiko kwenye simu yake, sahani ikija wanakula wote wawili. Unywele wa kwanza kabisa wa hoteli ile aliuandika yeye, na alikuwa mnene kuliko alipokuwa anauza mawe.

"Shikamoo mzee. Umetoka mbali?"

"Marahaba. Mhunze. Tangu alfajiri sijatia kitu mdomoni."

Enock akamweleza masharti ya kadi, taratibu, kwa heshima zote, kama mtu anayemwongoza mgeni msikitini. Mzee Mihayo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa.

"Mimi sisemi uongo, kijana. Supu yenyewe sijainywa, unywele nitauona wapi?"

"Nani kakwambia useme uongo? Sema tu lililokuudhi."

"Lililoniudhi lipo," mzee akasema. "Yule pale amenisalimia amesimama wima kama askari."

"Jina lake?"

"Suzana Mihayo. Nilimpa mwenyewe."

Vidole vya Enock vilisita kidogo. Alimtazama mzee, akamtazama yule dada wa sinia, akaona walivyofanana pua. Njaa ikamshinda, kama kweli alikuwa nayo, akaandika. Mwezi ule hoteli ilipokea malalamiko mia na ushee. Hilo la mzee peke yake ndilo lililokuwa la kweli.

Donatus alimwita Suzana kaunta akamwonyesha simu.

"La tatu hili."

Suzana alisoma.

"Bosi, si wewe uliyekataza? Tangazo lako liko mlangoni."

"Nilikataza. Na mteja ameudhika. Yote mawili yapo."

"Huyu ni baba yangu mzazi."

"Afadhali," Donatus akasema. "Basi hana sababu ya kukusingizia."

Hakusema kwa kejeli. Donatus alikuwa mtu wa kuamini alichoambiwa semina, na watu wa namna hiyo ni wabaya kuliko wakorofi, maana mkorofi huchoka. Alimkumbusha sharti la mwisho la kadi: mhudumu aliyelalamikiwa ndiye anayepeleka sahani ya pole na kuomba radhi. Mteja akiridhika, anaweza kulifuta lalamiko lake kabla ya saa kumi, na doa linafutika. Lakini likifutwa, sahani nayo inarudi jikoni.

"Na leo piga magoti," akaongeza. "Si ndicho anachotaka?"

Jikoni, mpishi Justa alikuwa ameshasikia. Justa alinyolewa na Suzana, wiki iliyofuata naye akamnyoa Suzana, wakacheka na kulia pamoja. Alichagua nyama iliyoiva vizuri, akaweka mbavu nne badala ya mbili zilizopangwa, akamwagia kachumbari juu.

"Mlishe vizuri ashibe," akamnong'oneza. "Mzee akishiba moyo wake utalainika."

Maskini Justa, alidhani anasaidia. Suzana akabeba sahani ile ikiwa nzito mkononi.

Alipofika mezani aliweka sahani, akamnawisha baba yake mikono, kisha akapiga magoti kwenye vigae, mbele ya ukumbi mzima. Vijana wa meza ya pembeni wakatoa simu wakampiga picha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu," mzee akaitikia, na sauti yake ilikuwa laini kweli. "Sasa umekumbuka ulikotoka."

Akachukua ubavu. Enock akachukua wa pili bila kukaribishwa. Suzana hakuinuka. Alizungumza Kisukuma, haraka, kwa sauti ya chini, akamweleza baba yake kila kitu: tangazo la mlangoni, bibi wa Kolandoto, madoa, saa kumi, mkataba, chumba cha uani ambacho tayari alikuwa amekifagia na kukitandikia mkeka wa Limi. Alimwambia hakusimama kwa dharau. Alimwambia kwamba magoti yalimwita naye akayakatalia kwa ajili ya mtoto. Alimwomba aseme neno moja tu kwa huyu kijana mwenye simu. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa hakuwa na nywele wala kitambaa cha kujifichia, yalionekana na watu wote.

Mzee Mihayo alisikiliza huku anatafuna. Hakuwa mtu mkatili kwa sifa. Kijijini wangekwambia ni mzee mwenye msimamo. Alipomaliza kumsikiliza, aliuweka mfupa pembeni akamgeukia Enock.

"Nikifuta, hii inaondoka?"

"Inaondoka, mzee. Iliyobaki."

"Na nisipofuta?"

"Unakula. Ukitaka, wanakufungia na ya nyumbani."

Mzee aliitazama sahani. Suzana aliutazama uso wa baba yake, akakumbuka uso huo huo siku ile ng'ombe wanatoka zizini, jinsi alivyosimama langoni akiwahesabu, na jinsi alivyokaa mwaka mzima bila kumwita kwa jina. Moyo ulikuwa umeshamwambia jibu. Bado alisubiri, kwa sababu mtu haachi kumsubiri baba yake.

"Nilichosema ni kweli au uongo?" mzee akauliza.

"Kweli, baba."

"Sasa wataka niifute kweli?"

"Limi, baba."

"Limi ana shida gani? Anakula, anachunga ndama, hana homa. Kila asubuhi anakuja mlangoni kwangu anapiga magoti, hakuna anayemkumbusha." Akaivuta sahani kwake, nje ya mkono wa Enock uliokuwa unanyemelea ubavu wa tatu. "Ng'ombe kumi na wawili, Suzana. Mimi nimebakiwa na yule tu."

Enock alijifanya anasoma kitu kwenye simu. Kule kaunta, Donatus alikuwa anawatazama kwa kuridhika, akaona jinsi mteja aliyekuja amekunja uso sasa anakula, na akajisemea kwamba semina ile ilikuwa na faida.

Mzee Mihayo alikula ndizi zote mbili. Mbavu mbili zilizobaki hakuzigusa. Alinawa, akajifuta kwa pindo la koti, akazisogeza upande wa binti yake ambaye bado alikuwa magotini, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda.

"Hizi nifungie," akasema. "Nimpelekee mtoto. Nitamwambia zimetoka kwa mama yake."

Suzana aliinuka, akaichukua sahani akaenda jikoni kutafuta foili. Ilikuwa saa nane kasoro, na mpaka saa kumi alikuwa bado mhudumu.